Mluzi Kwenye Wimbo wa Nne

Luhende Mabula hatulii. Muulize fundi simu yeyote pale Bariadi mjini, atakwambia ukimkuta amekaa, ujue anaumwa. Lakini Jumamosi ile alizidi. Tangu asubuhi alikuwa akiingia na kutoka nyumbani kwake Ngulyati, simu mkononi, akitazama faili likishuka kwa kusuasua.

"Unangoja nini humo?" mama yake, Nyanjige, aliuliza huku akibangua karanga.

"Albamu, mayu. Ile ya Wazungu, ya kwenye kaseti ya baba. Rafiki yangu Constantine ameipata Mwanza, nzima, haijabanwa."

Haijabanwa! Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja nyama. Miaka kumi na mitano amewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, akizibana mpaka zinalia kama bati ili ziingie nyingi, na roho inamuuma kila siku. Hii ilikuwa nyu wevu, muziki wa Uingereza wa miaka ya themanini, wa vinanda vya umeme na magitaa makavu. Mwalimu mgeni aliyepanga kwao alikuja na santuri yake; marehemu mzee Mabula akaweka redio kaseti mbele ya spika, palepale uani, akarekodi. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Luhende alikuwa na miaka mitatu.

Kaseti hiyo aliijua kila kona. Alichopenda kuliko vyote ni mwisho wa wimbo wa nne: gitaa linanyamaza, mluzi mrefu mara mbili, kisha kengele kwa mbali. Hata mama yake, asiyejua neno la Kiingereza, ukifika wimbo huo aliacha kazi akasogea. Wazungu wale walikuwa mafundi bwana! Sasa angeusikia mluzi ule bila mikwaruzo, labda na yeye atulie kama watu wengine.

Na kwa pupa yake hakungoja hata faili limalizike. Mkewe, Joyness, alipotafuta kitu cha kufunga kwenye majaruba ya mpunga kufukuza kwelea kwelea, alimpa kaseti ile. "Chukua, utepe wake mrefu. Hiyo imeshapitwa." Pupa jamani!

Saa sita faili likatimia. Akavaa hedifoni. Mungu wangu! Besi imenyooka, fimbo ya ngoma inasikika inapogusa ngozi, hata mwimbaji anasikika akivuta pumzi. Machozi yalimlenga. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwisho wa wimbo wa nne aliungojea amesimama.

Gitaa likanyamaza. Kimya. Wimbo wa tano ukaanza.

Akarudisha mara tatu, kisha akampigia Constantine.

"Umeniletea kitu kibovu! Mluzi umekatwa!"

"Mluzi gani? Hiyo imetoka kwenye diski yenyewe, haijapungua hata punje."

"Usinichezee!" Akakata simu, akazunguka uani, mwisho akamvalisha mama yake hedifoni, maana ndiye shahidi.

Nyanjige alisikiliza mpaka mwisho, karanga mkononi. Akavua hedifoni.

"Baba yako yuko wapi?"

"Baba?"

"Si anawapigia mluzi ng'ombe waingie zizini, na yule jike mweupe anatikisa kengele? Wamemtoa kwa nini?"

Luhende aligeuka akatazama uani, kaseti iliporekodiwa. Sauti pekee ya baba yake aliyokuwa nayo, na miaka yote hiyo amewasifia Wazungu!

"Niwekee kaseti," mama akasema. "Hii siitaki."

Luhende alikwisha geuka. Alirukia baiskeli. Majarubani Joyness alikuwa amekwisha funga mistari minne. Utepe ulimetameta kutoka mti hadi mti, ukivuma kwa upepo.

"Joyness! Usikate tena!"

"Baba Salu, kuna msiba?"

"Wimbo wa nne. Umeukata?"

"Nitajuaje? Nimekata kila nilipofika kwenye mti. Kwani humo kuna nini?"

"Baba," alisema. "Baba anapiga mluzi."

Joyness alimtazama. Akaweka kisu chini, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa meno. Luhende aliupokea utepe, akauzungushia kidoleni taratibu, yeye ambaye hajawahi kufanya jambo taratibu. Nyuma yao kwelea kwelea walishuka kwenye mpunga, kundi zima, na Joyness hakugeuka kuwafukuza.