Sekunde Tatu za Mwisho

Kazi yangu ni kuhesabu macho ya watu. Nikisema hivyo kwenye shughuli, shangazi zangu hutazamana, na lazima mmoja aulize kama nimeajiriwa hospitali. Basi hueleza. Mtu ana bidhaa, anamtafuta kijana anayefuatwa na watu mtandaoni, kijana anajirekodi akiisifu, video inawekwa, na mimi nakaa mbele ya kompyuta kuangalia imetazamwa mara ngapi, nani kaipenda, na watu wameichoka wapi. Mwisho naandika ripoti. Shangazi mmoja aliwahi kuniambia, "Kwa hivyo umesomeshwa uje kuchungulia." Na ndivyo hasa.

Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani, kichochoro cha nyuma ya Forodhani, Unguja. Dirisha linatazama dirisha la nyumba ya pili, karibu kiasi cha kuazimana chumvi. Chokaa ya ukutani hutudondokea kwenye kibodi na bosi wetu kila mwezi huahidi kuleta fundi. Humo ndimo nilimoona grafu ambayo hadi leo nikiikumbuka nasikia baridi mgongoni.

Tulikuwa na mteja mwenye shamba Kidichi, anayetengeneza singo, ule unga wa viungo wa kusugulia mwili, na sabuni za viungo. Tulimtafutia binti mmoja wa Jang'ombe amtangazie. Wafuasi wake hawakuwa wengi kama wa wale wanaojipiga picha kwenye mabwawa ya mahoteli, lakini walimwamini. Akisema kitu ni kizuri, kesho yake kinaulizwa sokoni Darajani. Aliyekuwa akimrekodi ni mumewe, fundi simu. Mume huyo hakuna mfuasi aliyepata kumwona hata ukucha. Hakupenda picha kabisa. Mkewe aliniambia kwamba hata siku ya harusi yao, kila kamera ilipogeuka upande wake na yeye aligeuka upande wa pili.

Video yenyewe ilikuwa ya kawaida. Binti amekaa chini, anachanganya singo kwa marashi ya mawaridi, anaeleza namna maharusi wanavyosuguliwa. Mwishoni unga unampanda puani, anapiga chafya moja ya kuamsha mtaa. Hapo kinasikika kicheko cha mwanamume, kizito, cha kukwaruza. Binti anarusha upande wa kanga kuelekea kamera, na video inakatika. Mteja alitaka chafya ikatwe. Mimi nilimwambia aiache, na watu waliipenda kuliko singo yenyewe.

Haikupita muda, mume akashikwa na homa na wiki haikwisha akafariki. Nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake wenzangu, nikarudi kazini. Binti akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Akaunti yake ikanyamaza kama inavyostahiki.

Lakini video haikunyamaza. Video ya biashara ina umri wa urojo, ikishapoa haina mtu. Hii ilikuwa imeshapoa, na bado kila asubuhi nikifungua programu naona imetazamwa tena. Nikafungua ile grafu inayoonyesha watu wanaitazama sehemu gani. Kwa kawaida mstari huanza juu, ukashuka mpaka mwisho, kwa sababu watu hawana subira. Huu ulishuka vizuri, kisha ukifika sekunde tatu za mwisho ulinyanyuka kama mkia wa paka aliyenusa samaki. Kulikuwa na mtu anayerudia sekunde hizo tatu tu, tena na tena. Anazirudia baada ya alfajiri, anazirudia mchana, anazirudia baada ya alasiri. Programu haitoi jina la mtu. Ilinipa mahali tu: Unguja mjini.

Wakati huohuo komenti zikaharibika. "Mtu yumo edani anajisugua singo! Haya zimekwenda wapi?" Mwengine akajibu kwamba video ni ya zamani, imerekodiwa mume yu hai. Lakini nani anasoma majibu? Mjane kwetu anaangaliwa kwa jicho kali, na maneno yakishatoka hayarudi.

Bosi alikuwa na tafsiri yake. "Hao ni watazamaji wa kununua," alisema. "Anajitia umaarufu kwa msiba." Nikamwambia anayenunua watazamaji hanunui wa sekunde tatu. Hakunisikia. Mteja alikuwa ameshapiga simu, anataka video itoke na kila kitu chake kifutwe, asihusishwe na fitina. Asubuhi hiyohiyo bosi alinisimamia mpaka nikasafisha faili zote za kampeni ile kwenye kompyuta ya ofisi. Kilichobaki ni video iliyo hewani, na kumuuliza binti mwenyewe kuhusu hao watazamaji. "Nenda wewe," alisema. "Mie siwezi kuingia kwa mtu wa eda."

Kabla ya kwenda nilivaa visikilizio, nikafanya kama anavyofanya huyo mtazamaji. Nikazirudia zile sekunde tatu. Chafya, kicheko, kanga. Chafya, kicheko, kanga. Mara ya kwanza nilitabasamu. Baadaye nikaacha kuiona chafya na kuiona kanga, nikawa nasikia kicheko peke yake, na ikanijia kwamba mwenye kicheko hiki tumeshamzika. Yumo ardhini, na humu masikioni mwangu bado anachekea chafya ya mkewe. Nikavua visikilizio. Bado nikakisikia kicheko, mpaka ngazini.

Mimi si mtu wa mizuka. Nyumbani kwetu umeme ukikatika mimi ndiye ninayetumwa uani. Lakini siku hiyo, jua likiwaka, nilitoka ofisini kwa miguu nikielekea Darajani kupanda daladala ya Jang'ombe, na vichochoroni kicheko kikanifuata. Niligeuka mara moja nikamwona mzee anasukuma baiskeli. Niligeuka tena sikumwona mtu. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Na zaidi ya kuogopa niliona uchungu. Nilikuwa na hakika sasa mtazamaji ni nani na anatafuta nini. Binti wa watu hana picha ya mumewe, ana kicheko tu, nami naenda kumwambia kwamba leo tunakiondoa.

Mama yake binti ndiye aliyenifungulia mlango.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mwenzio, au umekuja kwa ile video?"

"Yote mawili, mama."

"Basi ifuteni. Watu wanasema mpaka nnaona tabu kwenda dukani."

Binti alikuwa chumbani, amekaa kwenye godoro chini ya dirisha, kavaa nguo nyeupe isiyo na ua. Hina ya zamani ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha. Chumba ambacho zamani ukiingia nguo zako hunuka udi mpaka kesho yake, sasa kilinuka sabuni ya kufulia. Nikampa pole, tukamwombea marehemu. Mama akakaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mmeona naitazama sana, ee?" binti akaanza mwenyewe.

"Hatuoni jina. Tunaona mji, na sekunde tatu za mwisho."

Akainamisha kichwa. "Sikujua kama huko pia mnaona."

Nikajiandaa kumwambia habari ya kufuta. Ndipo kicheko kilipopita dirishani.

Kilekile. Kizito, cha kukwaruza, kinachomalizikia kwenye kikohozi. Nilishika mkeka kwa mikono yote miwili. 

"Una nini?" binti akaniuliza.

"Hukusikia?"

"Nini? Huyo? Huyo fundi cherehani, anakaa hapo barazani. Anacheka hivyo kutwa." Akanitazama vizuri, kisha akaelewa. "Ulidhani yeye?"

Nikasema ndiyo, nilidhani kile cha kwenye video ni cha marehemu.

"Huyu wa cherehani ndiye aliyesikia chafya yangu kutoka nje, akacheka. Mume wangu hakuwa na kicheko cha sauti hata siku moja."

"Mkwe wangu hakuwa mtu wa kucheka," mama akaingilia. "Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini uso mkavu. Akiniamkia utadhani yupo mahakamani. Nikidhani labda hatukumpendeza sisi."

"Alikuwa anacheka, mama."

"Haya."

Nikamuuliza, kama si kicheko, anarudia kitu gani.

Akachukua simu ya mama yake, akaifungua video, akaisogeza kwa kidole mpaka mwisho. "Yeye akicheka hutikisika tu. Mabega, mikono, kimya kimya. Mkono wake ulikuwa haupati hata kutetemeka, fundi simu huyu, anashika vitu vidogo kama mchele. Lakini akicheka, basi. Siku ile nilipopiga chafya alicheka mpaka nikaona simu itamponyoka, ndiyo nikamrushia kanga. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho. Baada ya hapo ikaja homa." Akaninyooshea simu. "Sasa tazama. Mkono umetulia. Nnairudia, nnasema labda hapa, labda nimepitiwa. Hakuna kitu. Nshaanza kujiuliza kama alicheka kweli, au mie nimemchekesha kichwani mwangu baada ya kufa."

"Mwambie aache kujitesa," mama akaniambia. "Kila siku hivi."

Mimi nilijua kutikisika kule kumekwenda wapi. Kila video ya mteja kabla ya kwenda hewani hupita kwangu. Kuna programu ya kuituliza picha. Unabonyeza mara moja, na mtikisiko wote wa mkono wa mtu unapakatwa na kulazwa, paliporuka kupita kiasi panakatwa, picha inakuwa kama imewekwa juu ya meza. Wateja wanapenda. Nafanya hivyo kila siku huku nakunywa chai, na siku ile nilifanya vilevile.

Nikamweleza. Nilidhani atakasirika, lakini uso wake ulifunguka.

"Kwa hivyo ulikuwepo?"

"Mtikisiko? Ulikuwepo. Ndiyo maana niliutuliza."

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

Ya ofisini nilikuwa nimeifuta asubuhi, bosi amesimama mgongoni kwangu. Wao wenyewe hawakuwa nayo. Mume alikuwa na desturi ya kufuta kila akishatuma, simu isijae. Ilibaki simu yangu tu, maana walikuwa wakinitumia huko kwanza, na mimi kusafisha simu ni mvivu, lakini kuna siku uvivu hunitoka. Nikaanza kutafuta. Zikapita sabuni, zikapita suruali za mitumba, akapita mtu anakula pweza Forodhani na kuguna kupita kiasi, nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Binti akanisogelea. Alikuwa akitazama kidole changu. Nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo, mimi ambaye siku nyingine naomba mtandao usikatike tu.

Ilikuwepo.

Nikampa simu. Video ikaanza kama tunavyoijua, kinu, bakuli, mikono yake, maneno ya maharusi. Yeye hakuisogeza mbele, aliitazama kutoka mwanzo. Ikaja chafya. Kwa muda mdogo picha ilibaki tuli, kama mtu anayejizuia. Kisha ikaanza kutetemeka kidogo kwa chini, ikapanda, halafu ukuta na dirisha na uso wa binti vikaruka vyote pamoja. Dari ikaonekana. Mumewe akaituliza, ikamshinda tena. Fundi cherehani alikuwa akicheka kwa mbali na wala sikumjali. Niliyemwogopa vichochoroni njia nzima ndiye huyu sasa, na sikuwa na hofu naye hata kidogo.

Mama alikuwa amesogea kwa magoti bila sisi kujua. Akainamia kioo.

"Rudisha," akasema.

Binti akarudisha. Dari, ukuta, dari.

"Kumbe huyu mtu alikuwa akicheka," mama akasema polepole.

"Kila siku, mama."

Bi mkubwa akavuta kanga mdomoni, akalia. Tangu msiba, binti aliniambia baadaye, ilikuwa mara ya kwanza kumlilia mkwewe.

Nikaihamisha video kwenye simu yao. Nikawaambia kwamba ile iliyo hewani itatoka jioni, na kwamba kwenye ripoti nitaandika watazamaji wale walikuwa wa kweli, bosi apende asipende. Binti aliitikia kwa kichwa, sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameshaifungua tena. Aliikaza simu juu ya magoti kwa mikono miwili, isisogee hata kidogo, ili kila kitakachotikisika kiwe ni mumewe.