Pengwini Aliteleza Ukutani, Mimi Nikanyamaza

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hapo ili usije ukanihurumia ukifika katikati.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nina wajukuu sita, na Biblia nimeisoma kutoka mwanzo hadi mwisho mara ambazo sizihesabu tena. Na nilimwacha msichana asiye na hatia aadhibiwe kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe wa pengwini! Laiti ungekuwa wa vita, labda ningekuwa na la kujitetea.

Wacha nikueleze taratibu.

Kanisa letu liko Kibera, upande wa Laini Saba. Lina laptopu ya zamani ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta. Kwa kuwa wezi waliwahi kuvunja mlango wa kanisa, laptopu hulala kwangu Kianda wiki nzima, na Jumapili naibeba kwenye mfuko wa plastiki, chini ya Biblia. Nilikuwa mwenyekiti wa wazee. Nani angeaminika zaidi yangu?

Inatumia Linux, kwa sababu mfumo wake wa kwanza ulikuwa umeilemea hadi ungeweza kuchemsha maharagwe kabla haijawaka. Fundi aliyeiwekea hiyo Linux aliacha humo na michezo kadhaa. Siku moja nikitafuta wimbo wa toba, nikabonyeza mahali nisipopajua, akatokea pengwini juu ya mlima wa theluji. Unamshusha kwa tumbo, anakwepa miti, anaokota samaki njiani.

Basi. Nikamshusha mara moja. Nikamshusha tena.

Sikujua kwamba uzee una mambo matamu hivyo! Kila asubuhi nilikuwa nikisali, nikinywa chai, halafu naenda kwa pengwini. Baada ya majuma machache, sala ndizo zilizoanza kufupika. Zamani niliwaombea watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Nikaanza kuwaombea kwa jumla.

Shida ilikuwa moja. Picha zilikwamakwama. Pengwini anaanza kushuka vizuri, anaganda hewani, na ukija kumwona tena ameshagonga mti. Yeye hajakosea, mimi sijakosea, ni mashine tu. Siku moja niliweka mkono juu ya laptopu hiyo nikaiombea. Ndiyo, niliiombea, kwa jina lile lile ninalowaombea wagonjwa. Ilikuwa na joto kali, na haikupona.

Hapo ndipo nikamwita Nekesa. Hilo si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, ana kibanda cha kuchapisha makaratasi na kuchaji simu kando ya reli. Kila Jumapili ndiye aliyeendesha laptopu ile, na pia aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mama yake ni mshirika wetu wa miaka mingi, mama wa kuketi benchi la mbele na kuitikia "Amina" kabla mhubiri hajamaliza sentensi.

Nikamwambia kwa simu kwamba picha za nyimbo zinakwama. Uongo wa kwanza. Maneno ya nyimbo hayakwami, yanakaa tu ukutani.

Alikuja Jumatano mchana, akafunga kibanda chake kwa ajili yangu. Aliandika amri fulani ya kupima picha, yakatokea magurudumu matatu yenye meno, jekundu, la kijani na la buluu, yanazunguka kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Akaandika amri nyingine, akasoma jibu, akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba mashine ina kadi yake ya picha, ila haitumiki, kazi yote ya kuchora imeachiwa prosesa.

Nikamwomba aniambie kwa lugha ya mzee.

"Ni kama kanisa iwe na mpiga kinanda," akasema, "halafu mumkataze kushika kinanda. Pasta ndio anapiga, na hapo hapo anahubiri. Si atachoka?"

Kumbe fundi yule, siku ya kuweka Linux, kioo kilikuwa kimebaki cheusi. Akaongeza neno moja kwenye maagizo ya kuwashia mashine, la kuizuia kadi ya picha, ili aweze kuendelea. Kioo kikawaka, naye akasahau kuliondoa neno lake. Miaka yote hiyo kadi imekaa humo ndani, nzima, imekatazwa kufanya kazi!

Nekesa alilifuta neno lile. Akazima na vivuli na mapambo ya madirisha, maana mashine ya umri ule haina nguvu za mapambo. Akaizima, akaiwasha, akaita tena yale magurudumu. Ndugu yangu, yalizunguka kama maji. Nilipiga makofi. Nilimwekea mkono kichwani nikambariki yeye na kazi ya mikono yake, na baraka hiyo niliitoa kwa moyo wangu wote. Hata chai hakungoja.

Kabla hajafika kwa kibanda chake, mimi nilikuwa mlimani.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Jumamosi mchana nilikuwa nacheza, mke wangu akaniita twende Mashimoni kumwona mgonjwa. Nikaizima laptopu haraka bila kuufunga mchezo. Kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama mashine ikumbuke ulichokuwa umefungua, ikifungue tena ukiiwasha. Kilikuwa na alama ya ndiyo. Sikukisoma. Mimi ninayewaambia watu wasome Neno polepole!

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Nekesa akaunganisha projekta na kuwasha mashine wakati pasta anaombea mkate. Macho yamefumbwa, watu wametulia. Mara muziki ukalia, ule muziki wa mchezo, wa kurukaruka kama wa harusi. Tukafumbua macho. Ukuta mzima ulikuwa theluji. Nekesa akabonyeza hiki na kile akitaka kuufunga, akabonyeza pasipofaa, na pengwini akaanza kushuka.

Watoto wakasimama juu ya benchi. Mtu akacheka, halafu wengi. Pasta ameshika mkate juu, anatazama ndege anayepita kichwani pake kwa tumbo.

Na mimi je? Nitasema ukweli, maana ndiyo kazi ya barua hii. Wazo langu la kwanza halikuwa aibu. Lilikuwa, tazama anavyoteleza! Hakuganda popote! Mungu anisamehe, nilijivunia.

Aibu ilikuja baadaye, na ilipokuja nikaikimbia.

Baada ya ibada wazee tuliketi na pasta chumba cha nyuma, tukamwita Nekesa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha katikati. Pasta akauliza nani aliyeigusa mashine wiki hiyo.

"Mimi niliigusa," Nekesa akasema. "Jumatano. Mzee aliniita nirekebishe picha."

Akanitazama. Nilidhani anaomba nimsaidie.

Pasta akanigeukia, akauliza kama ni kweli nilimwita.

"Nilimwita arekebishe picha za nyimbo," nikasema. "Mengine sijui."

Mengine sijui! Maneno mawili. Nimehubiri mahubiri ya saa nzima ambayo hayakufanya kazi kubwa kama maneno hayo mawili. Hakuna aliyeniuliza zaidi, maana nani angemuuliza mzee mwenye mvi kama anacheza na pengwini?

Kwetu mshirika akikosa hadharani, huwekwa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango. Haimbi kwaya, hashiriki Meza, na kila anayeingia anampita na kujua. Nekesa alipewa miezi mitatu kwa kuleta mchezo ndani ya ibada na kukataa kukiri. Mwenyekiti ndiye hutangaza. Nikatangaza. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Jumapili mbili aliketi nyuma. Mama yake aliendelea kuketi mbele, lakini ile "Amina" yake haikusikika tena. Kwenye reli vijana walishapata utani. Siku moja nikipita karibu na kibanda chake nikawasikia wakimwambia, "Sista, tuwekee ile game ya kanisa, tunalipa sadaka." Aliinamisha kichwa akiendelea kupanga waya za simu. Mimi nikavuka upande wa pili kana kwamba nina safari.

Jumapili ya tatu hakuja. Nikasikia amehamia kanisa moja la Kawangware.

Nyumbani sikupata pa kujificha. Mke wangu alikuwa akiusikia muziki ule kila asubuhi akiwa jikoni, na Jumapili ile aliutambua kabla hata theluji haijatokea. Alingoja majuma matatu niseme mwenyewe. Nilipofungua laptopu siku hiyo akaniwekea chai mezani na kuniambia, taratibu kabisa, "Baba Wekesa, huyo ndege wako amekula mtoto wa mtu."

Chai ile sikuimaliza.

Nikaenda Kawangware Jumapili iliyofuata. Nilifika ibada imekwisha, watu wanapanga viti, na Nekesa anakunja waya za projekta. Nikamwambia Bwana asifiwe. Akaitikia, akanipa kiti, akauliza kama nimepanda gari au nimetembea. Nilikuwa nimetembea. Akaniletea maji. Heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi yenye mistari ya Zaburi. Nikasema tu kwamba mchezo ulikuwa wangu.

"Najua," akasema. "Nilijua ile Jumatano. Nikiwasha mashine niliiona hiyo game hapo juu, ya kwanza kwa zile vitu umetumia sana."

Nikamuuliza mbona basi aliirekebisha.

"Ndio ucheze vizuri. Nilisema mzee amefanya kazi maisha yake yote, wacha naye ateleze. Nikanyamaza usione haya."

Nikayaweka chini yale maji. Nikamuuliza mbona mbele ya wazee hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikampigia magoti pale pale, kwenye sakafu ya simenti, watu wakitazama. Akaniinua haraka, akasema amenisamehe zamani na nisiumize magoti yangu. Nikamwomba arudi. Akasema harudi. Huku wanamwita kwa jina lake, na jina hilo halina kicheko nyuma yake. Akaniambia kwamba kama nina deni, liko Laini Saba, kwa mama yake. Kila Jumapili wanawake humshika mkono na kumwambia wanamwombea binti aache uongo, naye hushukuru, halafu humpigia Nekesa simu akilia.

Wiki iliyofuata nilimwomba pasta dakika tano kabla ya mahubiri. Alidhani ni tangazo la kikao.

Nikasema yote. Pengwini, magurudumu, kisanduku, "mengine sijui." Nilipofika kwenye kuiombea laptopu watu walicheka, na mzee mwenzangu mmoja akanivuta koti niketi nisiendelee kuliaibisha baraza. Nikaendelea. Kisha nikamgeukia mama yake Nekesa pale benchi la mbele, nikamwomba msamaha.

Akasimama.

"Kwa hivyo msichana wangu hakudanganya?" akauliza.

Nikasema hakudanganya.

"Rudia. Na usiniambie mimi. Waambie hao."

Nikageuka, nikarudia. Hakuna aliyecheka. Mama akachukua Biblia yake na leso yake, akatoka, na tangu siku hiyo anasali Kawangware pamoja na binti yake. Simlaumu. Kanisa limempoteza mtu wa kuimba, na mtu wa kuitikia, na mtu pekee aliyejua kuirekebisha ile mashine.

Mimi nimevuliwa uenyekiti na kuwekwa benchi la karibu na mlango, miezi sita. Nashukuru kwa hilo, si kwa maneno tu. Mungu angeweza kunipa adhabu isiyo na mwisho. Kutoka pale nyuma nimejifunza kitu ambacho kiti cha katikati hakikunifundisha: kwamba tulimweka mtoto yule mahali penye upepo, na kila anayeingia anakukanyaga.

Basi wewe unayesoma, hasa kama una cheo, kama watu wakikuona husimama. Sikuonyi kuhusu michezo. Cheza ukipenda, na picha zikikwama tafuta anayejua akurekebishie. Ila siku utakapoulizwa mambo mbele ya watu, na aliyekusaidia amesimama hapo anakutazama, jibu lote. Usitoe nusu. Mimi nilitoa nusu, na nusu ile ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na ndiyo iliyomtoa Nekesa mlangoni.

Akikutazama hivyo, usidhani anakuomba msaada. Huenda yeye ndiye anayekupa nafasi.