Mdhamini Namba Moja

Shule niliishia darasa la tano, na sifichi. Lakini ulizia Karatu nzima duka la vifaa vya ujenzi lisilokosa kitu, utaletwa kwangu. Hoteli nyingi za watalii mnazozisifia zimeezekwa kwa misumari yangu.

Miaka tisa niliuza dukani na mama mmoja wa Samunge, kule Loliondo. Mimi najua biashara. Yeye alijua makaratasi ya Kiingereza, na Kimaasai alikipiga na wafugaji wa Ngorongoro mpaka mtu aliyefuata kitasa anaondoka na mabati.

Mwaka jana akanijia kwa woga. "Bosi, nimeomba kazi shirika la kimataifa. Mkataba wa miezi kumi na moja, kutafsiri mikutano ya akina mama kule Loliondo. Wanataka wadhamini watatu. Nimekuweka wa kwanza."

"Sasa hao wawili wa nini?"

Akacheka, kisha akainama. "Mama yangu haoni tena, bosi. Nataka niwe karibu naye."

Simu ikaja asubuhi, duka limejaa. Alipojua ni wao, akatoka nje asisikie, akasimama kando ya mifuko ya saruji, amenipa mgongo.

"Baba, tueleze kuhusu mwombaji," akasema dada wa huko ofisini.

Nikamweleza nilivyoanza na meza moja sokoni, nilivyopata kiwanja, nilivyojenga.

"Samahani baba, tunamuuliza yeye."

"Ndiyo nakuja huko. Utamwelewaje bila duka?"

Akauliza, udhaifu wake nini? Hapo shetani akanisogelea. Ningesema tu ni mchelewaji, wangemwacha, nami ningebaki na mtu wangu. Nje nikamwona anakunja pindo la khanga, analikunjua, analikunja tena.

"Haniogopi," nikasema. "Bibi mmoja mfugaji alikasirikia bei yangu akasema maneno kwa Kimaasai. Nikamuuliza huyu, amesemaje? Akanitafsiria yote, bosi wake, mbele ya wateja. Hata tusi hakuliruka."

Dada akacheka sana. "Ungemwajiri tena?"

"Leo hii. Mkiona hamna kazi naye, msimwache barabarani. Nitamfuata na gari langu."

Nikatoka nje.

"Wamesemaje, bosi?"

"Wameniuliza habari zangu."

"Na zangu?"

"Nimewaambia huna adabu."

Akanitazama usoni, akaketi juu ya saruji, akajifunika khanga. Sikujua analia au anacheka. Wateja nikawaambia wasubiri.

Alipata. Wiki yake ya mwisho alinikalisha kwenye stuli akanifundisha kusoma oda za Kiingereza, mstari kwa mstari. Mimi ni mwepesi wa kushika, anayenijua anajua. Lakini wiki ile nilijifanya mzito, kila mstari nikamrudisha mwanzo, naye akarudia bila kuchoka.