Binti Yangu Hakuanguka

Mama yangu alikufa kwa kansa ya kizazi, nikimwogesha mimi. Kwa hiyo chanjo ya wasichana ya kuikinga ilipokuja kijijini kwetu, ng'ambo ya Milepa, sikungoja kubembelezwa. Mimi Rozina sikusoma, lakini ugonjwa ule naujua.

Chanjo ilitolewa uwanja wa kanisa, baada ya misa. Yusto, katekista wetu, akatangaza mabinti waje hawajala, kama wanaokwenda kupokea komunyo. Hakuna aliyemtuma. Herieth wangu nikampa ugali na maharage, akashiba.

Jua lilipanda, foleni haisogei. Wasichana kadhaa wakaanguka. Nesi akasema, "Hii njaa, wapeni uji." Akamaliza kazi, gari likaondoka. Huku nyuma watu wakasema chanjo inaua kizazi. Halafu wakanigeukia mimi.

"Mbona wa kwako hakuanguka?" Kristiana, jirani yangu, aliniuliza kisimani. Binti yake alikuwa mmoja wa walioanguka.

"Alikula."

"Alikula nini, dawa zako?"

Wenzake wakacheka. Nikawa mchawi. Nilipika pombe ya ulezi kuita watu wa kunisaidia kulima, hakuja hata mlevi. Nikawamwagia nguruwe, nikalima na Herieth. Yusto alikuwa akipita njiani anatazama pembeni. Neno lake moja lingeniokoa, akalimeza.

Mwaka huu chanjo imerudi, na Zita, mdogo wake Herieth, umri umemfikia.

"Shemeji, ukimpeleka na huyu, utahama," Basil, mdogo wa marehemu mume wangu, aliniambia.

"Hama wewe. Mimi mume wangu amelala hapa."

Nikabeba sufuria ya uji, tukaenda. Watu walijipanga kwenye ukuta wa kanisa kututazama, mabinti zao wamewashika mikono. Zita akanywa, akachomwa, akasimama wima.

"Yusto!" nikaita. "Nani alisema watoto waje na njaa?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Sema wasikie na walio nyuma!"

"Ni mimi niliyesema! Nesi hakusema."

Ukuta mzima ukamgeukia. Kisha Kristiana akaja, amemshika binti yake wa mwisho, yule ambaye yeye mwenyewe alimkataza kunisalimia.

"Mama Herieth, uji umebaki?"

"Umebaki, wa mtoto. Wewe sijakusamehe."

Mtoto akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa kwanza, ndipo uchomwe."