Mgeni Katika Harusi za Binti Zangu

Nilipaswa kuwakatalia ndugu zangu siku ileile, kabla chai haijapoa. Walikuja watatu nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Migori, wakaketi kama watu waliokwisha kuamua. Binti yangu mdogo alikuwa anafunga ndoa kanisani huko Kosele baada ya wiki mbili, ilhali dada yake mkubwa hajaolewa. Kwetu sisi Wajaluo, mdogo hamtangulii mkubwa.

"Omera, ndugu yangu," kakangu akaniambia, "ukimshika huyu mkono ukampeleka madhabahuni, umemfungia mlango yule mkubwa. Harusi iendelee, lakini wewe usionekane."

Nikakubali. Nisimsingizie mtu: mwiko wenyewe sikuuogopa sana. Niliogopa maneno ya watu, na ndugu zangu wana midomo.

Nilipomweleza mke wangu, alikuwa akichambua mboga. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi niliwazaa wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa foleni. Sikuona aliyemruka mwenzake. Wewe baki na ng'ombe zako, mimi naenda."

Siku ya harusi nikabaki na ng'ombe. Jioni mke wangu alirudi na video kwenye simu, akaishika mbele ya macho yangu nisipate pa kutazama. Nilimwona yeye mwenyewe akimsindikiza binti yetu kanisani, hatua mbili, wanasimama, hatua mbili tena. Na mbele yao, kati ya wasimamizi wa bibi harusi, alikuwepo mmoja aliyecheza kana kwamba anataka kutimua vumbi kwenye saruji. Alikuwa binti yangu mkubwa, yule niliyebaki nyumbani kwa ajili yake.

"Sasa huyu ndiye aliyefungiwa mlango?" mke wangu akauliza.

Nikatoka kwenda kuwatazama ng'ombe, ambao hawakuwa wameniita.

Tangu hapo sijaweza kukaa harusini macho makavu. Na harusi sikosi, maana nilikuwa fundi cherehani na mabwana harusi wengi wa Migori walivaa suti zangu. Baba na binti wakitokea mlangoni tu, machozi yananitoka. Siku moja huko Sori nililia kwa ajili ya bibi harusi nisiyemjua hata kwa sura, mpaka mhudumu wa kanisa akaniletea maji. Mama mmoja muuza samaki, aliyekaa kando yangu, naye alikuwa analia. Akanipa pembe ya leso yake.

"Jaduong', mzee wangu, huyu mtoto ni wako?"

"Hapana. Ni wako?"

"Wala! Mimi nimekuja tu na jirani."

Tulicheka hadi mchungaji akatukazia macho. Kisha yule mama akaninong'oneza: "Mimi sikuwahi kuvalishwa pete. Nikiona mwenzangu anavalishwa, kidole kinaniwasha. Namfurahia yeye, najililia mimi, yote kwa wakati mmoja."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Kila mgeni huja na harusi yake moyoni, ile aliyoifanya au ile iliyomponyoka. Ndiyo maana huyu hucheza mpaka kisigino cha kiatu kinang'oka, na yule hununa siku nzima akidai sahani yake haikuwa na nyama. Nyama ilikuwepo. Kuna kingine kilichokosekana, na hakikupikwa siku ile.

Miaka ikapita, binti yangu mkubwa naye akapata mchumba. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaanza kujizoeza mwendo nyuma ya zizi, hatua mbili, nasimama, hatua mbili tena. Mke wangu akanifumania.

"Mzee, umeumia mguu?"

Jumapili moja binti akaja kutueleza mipango. Nilingoja aniulize, hakuuliza, nikaona nimsaidie.

"Nitatembea upande wako upi, kulia au kushoto?"

Akanishika mkono. "Baba, wewe utaketi mstari wa mbele. Mama atanisindikiza."

"Bado una hasira na mimi?"

"Hasira ziliisha zamani. Lakini siku ile ulibaki nyumbani kwa jina langu, na mwenye jina hukumuuliza. Ungeniuliza, baba, ningekufukuza uende."

Alisema kweli.

Harusi ilifanyika Migori, na ilikuwa nzuri. Nililia mpaka bwana harusi akaanza kunihurumia, kisha nikacheza na wakwe zangu hadi shati likalowa. Kakangu alikula sahani mbili huku akimwambia kila mtu kwamba siku hii aliiombea yeye. Mke wangu alipopita mbele yangu na binti yetu, alinikonyeza.

Nina binti wawili tu, na wote wameolewa vizuri. Wananipigia simu, wananiletea wajukuu, na hakuna anayeninunia. Lakini hakuna hata mmoja niliyemshika mkono nikampeleka kanisani, na wa tatu sina. Hicho ndicho nilichopoteza kwa kuwakubalia ndugu zangu.