Risasi ya Kumkuta Hai

Mwanangu Salim, siku nilipoanza kumtilia shaka mtu aliyekuwa akitulisha nyama naikumbuka vizuri sana, na leo nitakusimulia, kwa sababu juzi umeniuliza swali nisilolipenda. Umeniuliza, kwa Kiingereza chako hicho cha kuzaliwa huku ughaibuni, Thorncliffe, risasi ninayoipenda kuliko zote kwa kuwindia kulungu ni ipi. Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukaenda dukani. Lakini nilikutazama usoni nikaona hukuuliza ili ujue. Uliuliza ili nikubaliane na jambo ulilokwisha kuliamua. Shangazi yako amezeeka, hajawa mjinga.

Mimi mtu anayemwaga sifa za risasi simwamini. Wale vijana unaowatazama kwenye simu, wenye ndevu na kofia, wanaosema hii inafika mbali kuliko ile na hii inapiga kama radi, hakuna hata mmoja aliyekuuliza bega lako linahimili nini, wala utakuwa umbali gani na mnyama. Hao wanakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na huyo muuza duka aliyekuambia wateja wote siku hizi wanachukua hiyo, ningependa kujua mzigo wenyewe umekaa rafuni kwake tangu lini. Haya, tuache. Nitakuwa nagombana na watu ambao hawapo.

Wakati huo nilikuwa kijana, mimi na mume wangu Idi, Mungu amrehemu. Tulikaa Weston, kwenye ghorofa la zamani juu ya mto. Mama mkwe wangu, Bi Hawa, alikuwa amekuja kutoka Tabora kukaa nasi, na tulikuwa tunajiandaa kusoma hitima ya baba mkwe. Idi alitaka pilau ya hitima ipikwe kwa nyama ya kulungu, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mwindaji. Bi Hawa akakubali kwa sharti moja: mnyama akutwe hai, achinjwe kwa kisu. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa ameshatueleza kwamba ukilitaja jina la Mungu unapofyatua, na mnyama akafa kwa risasi hiyo, ni halali. Ukimwahi yu hai, mchinje. Mama akasikiliza, akashukuru, halafu akasema yeye hawezi kuwawekea wageni nyama asiyojua imekufaje.

Usimcheke. Waswahili wengi wa hapa mjini walikuwa hivyo hivyo. Ukiingia na nyama ya porini, hawakuulizi umempata wapi wala kwa shida gani. Swali lilikuwa moja tu: mlimkuta hai?

Na aliyekuwa anajibu swali hilo vizuri kuliko wote ni Hamisi, rafiki yake Idi, mtu wa maneno matamu na mkono wa kutoa. Kila msimu wa kuwinda alileta nyama, akaligawia jengo zima, na kila mnyama, kwa maelezo yake, alimkuta hai akamchinja mwenyewe. Siku moja amekaa sebuleni kwetu anakunywa chai, akatoa mfukoni risasi nyembamba kama kipande cha penseli, ile wanayoiita mbili-mbili-tatu, akaisimamisha mezani.

"Shemeji, hii ndiyo risasi ya Muislamu," akaniambia. "Kubwa inaua kabla kisu hakijafika. Hii unampiga pajani, anakaa chini, unamkuta anakungoja."

Bi Hawa alifurahi mpaka akamwongezea chai. Mimi machale yakanicheza. Nikamuuliza, "Na wale usiowakuta?"

"Wote nawakuta, shemeji."

Idi akanikanyaga mguu chini ya meza nisiendelee. Lakini mwanangu, mwindaji asiyekosa hata mara moja, mimi humtazama kama ninavyomtazama mpishi asiyekula chakula chake. Nikakaa na shaka yangu.

Tulikuwa na mzee mmoja wa Mississauga, mji wa jirani, Mzee Sadru, Mhindi wa Tabora. Familia yake ilikuwa na duka kule kabla hatujazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kabisa, kuliko hata changu. Yeye aliwinda kwa tatu-sifuri-nane, risasi ya kati, si nene ya kutisha wala si ya kuchezea. Nilipomweleza maneno ya Hamisi akaguna tu, akasema, "Njoo Jumamosi uwanja wa shabaha, uje na bega lako." Nikajua moja kwa moja kwamba huyu naye ana bunduki anataka kuiuza. Ndivyo nilivyokuwa, na sijabadilika sana.

Kule uwanjani hakuongea habari ya risasi kabisa. Alinifyatulisha kwanza bunduki kubwa ya jirani yake, aina hiyohiyo unayoitamani wewe sasa. Nikafumba macho kabla sijavuta, risasi zikaenda zinakojua zenyewe, na bega likanivimba. Halafu akanipa ya kwake. Matundu yakakaa kwenye karatasi pamoja, sehemu ambayo ningeifunika kwa kiganja. Nikamgeukia nikamuuliza kwa nini hajaisifia bunduki yake.

"Kwani nauza?" akasema. "Binti yangu, tangu umefika unanipima kwa jicho hilo. Unampima Hamisi, unampima mwenye uwanja. Huyo aliyeshika bunduki umeshampima?"

Nilikasirika, sikufichi. Njiani kurudi sikumsemesha. Mtu anayekwambia kweli mbele ya watu huwezi kumpenda siku hiyohiyo.

Tukaenda kuwinda wanne: Idi, Mzee Sadru, Hamisi na mimi, kwenye shamba la mzee mmoja wa Kizungu kaskazini ya mji. Mwenye shamba alikuwa amemruhusu Hamisi peke yake kuwinda pale miaka yote, na mwaka huo Hamisi ndiye aliyetuombea. Kumekucha, theluji nyepesi imetanda, sote tumevaa zile fulana za rangi ya machungwa wanazovaa wawindaji wasipigane risasi. Kulungu akatokea ukingoni mwa miti, karibu kabisa, ametugeuzia ubavu. Mtu yeyote angemmaliza pale. Hamisi akashusha mtutu kidogo. Nilimwona kwa macho yangu akishusha. Akampiga pajani kwa ile penseli yake.

Kulungu hakukaa chini. Aliruka, akaingia msituni kwa miguu mitatu.

"Ataanguka tu," Hamisi akasema. "Twendeni taratibu."

Tukafuata damu. Tone hapa, tone pale, halafu hakuna, halafu tena kwenye jani. Hamisi alikuwa anaongea sana, na mimi nilikuwa nimemkazia macho mgongoni, maana alikuwa anatupindisha. Damu inaelekea bondeni, yeye anatuambia tupite juu, njia ni nzuri zaidi. Mara ya pili aliposema hivyo nikamwambia Idi, "Mimi nafuata damu." Nikashuka bondeni, nao wakanifuata.

Kule chini nikakuta kulungu, lakini siye wetu. Huyu alikuwa amekufa zamani, ngozi imekauka juu ya mbavu, amejikunja chini ya msonobari kama aliyetafuta pa kujificha. Mzee Sadru akainama, akapangusa theluji pajani. Palikuwa na tundu dogo, jembamba, na mfupa chini yake umevunjika. Mbele kidogo, ng'ambo ya kijito, palikuwa na mwingine, huyo imebaki mifupa na pembe.

Tukamgeukia Hamisi, yeye akawa anautazama mtutu wake.

"Nilidhani alipona," akasema.

Mwanangu, mimi nilikuwa nimemshuku Hamisi kwa mambo mengi. Nilidhani ananunua nyama ya shamba akatudanganya ni ya porini. Nilidhani hachinji. Kumbe alichinja kweli, na aliowaleta kweli aliwakuta hai. Asiowakuta ndio hao, na hakuna aliyekuwa akimuuliza habari zao. Swali letu lilikuwa la wale waliofika sufuriani tu. Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na sikujua namlilia nani.

Mzee Sadru hakupaza sauti. Alimwambia, "Unalitaja jina la Mungu, halafu unachagua risasi isiyomaliza. Huyo Mungu unamwambia nini?" Hamisi akatangulia kwenye damu, na mara hii hakutupindisha.

Kulungu wetu tulimkuta mbele kidogo, amelala kwenye nyasi kavu, kichwa kiko juu, anatutazama. Hamisi akashika kisu. Alipopiga hatua tu, yule mnyama akainuka na ule mguu unaning'inia, akaanza tena kujiburuta. Kwa pale nilipokuwa ni mimi peke yangu niliyemwona vizuri, na mkononi nilikuwa na bunduki niliyoazimwa na Mzee Sadru. Nikajiuliza swali lake: huyu aliyeshika bunduki, anaweza? Umbali ule nilikuwa nimeujaribu uwanjani. Nikasema bismillahi, macho wazi, nikafyatua. Alianguka palepale alipokuwa. Tulipomfikia na kisu alikuwa ameshakwisha.

Jioni tukaingia nyumbani na nyama. Idi alikuwa ameniomba njiani nimuachie yeye aseme, nami nikamtilia shaka hata mume wangu, nikajua atalainisha maneno. Bi Hawa alikuwa jikoni anachambua mchele. Hata salamu hakuimaliza.

"Mlimkuta hai?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Tulimkuta hai, na ndiyo aibu yenyewe." Nikamweleza yote: paja, damu, wale wawili wa bondeni, na risasi yangu ya mwisho. Nikamwambia hitima ni yake na sufuria ni lake, akisema isipikwe haitapikwa.

Mama akaacha kuchambua, mkono umo ndani ya mchele. Najua alikuwa anahesabu nyama zote za Hamisi alizokula kwa raha. Kisha akaniuliza, "Hiyo ya kwako, alianguka palepale?"

"Palepale, mama."

Akasema, "Lete kisu kikubwa, tukate." Na tangu siku ile mpaka anaondoka duniani, mwindaji yeyote aliyeingia na nyama kwetu, Bi Hawa hakumuuliza tena kama alimkuta hai. Alimuuliza kama alianguka palepale.

Sasa nasaha yangu, Salim, na uisikilize kwa Kiswahili hata kama utajibu kwa Kiingereza. Mimi natumia tatu-sifuri-nane, kwa sababu bega langu linaiweza na macho hayafumbi. Ya kwako inaweza ikawa nyingine. Chukua ile inayomaliza kwa pigo moja, kwa umbali unaouweza wewe, si umbali wa yule kijana wa kwenye simu. Hiyo kubwa inayokufumbisha macho itamjeruhi mnyama sawasawa na ile penseli ya Hamisi. Shuku muuzaji, nishuku hata mimi, nina mapenzi yangu. Lakini anza na huyo aliyeshika bunduki. Mpeleke uwanjani kabla ya msimu, na kama hana hakika, kidole kikae nje ya kifyatulio, kulungu aende zake, urudi mikono mitupu tule maharage.

Na lile boksi la risasi ulilolificha chini ya kiti cha gari nimeliona tangu ulipoegesha. Risasi hazikai garini, zinafungiwa. Jumamosi tunakwenda nalo uwanjani, wewe na bega lako, tuone.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyofumba, mwanangu. Utakayemlenga aanguke palepale, na bonde lako asilale ndani yake hata mmoja ambaye itabidi useme ulidhani alipona.