Honi Iliyomaliza Kilio Kabla ya Msiba

Siku yangu ya kwanza kuendesha gari la maiti pale Tororo, Msimamizi wa Magari alinifundisha jambo moja tu.

"Honi yako siyo ya barabarani. Ni ya kuingia kwao marehemu. Ukipiga, akina mama wanaanza."

Kuanza ni kupaza kilio. Huku kwetu maiti hafikishwi kwake kimyakimya, na mjane asiyelia kwa sauti huonekana anashangilia.

Tulikuwa tunampeleka marehemu kwao Bulumbi. Nyuma walikaa mjane wake, Athieno, na shangazi wanane wa marehemu, wakitafuna karanga na kumsengenya padri. Hata mjini hatujatoka, bodaboda akanikatizia. Mkono haukuniuliza, nikapiga honi.

Shangazi wanane wakalipuka! Karanga zikaruka mpaka kwenye usukani. Soko zima likasimama, wanaume wakavua kofia.

"Bado, akina mama! Bado!" nikapiga kelele.

Lakini nani ataanza kulia mbele ya soko zima kisha anyamaze ghafla? Waliona aibu kuacha. Wakalia njia nzima, na Athieno akawashinda wote, maana yeye alikuwa na uchungu wa kweli.

Tulipofika Bulumbi hakuna aliyebaki na sauti. Mama mkwe wake akamtazama Athieno anavyochezesha midomo tu bila sauti.

"Huyu hapana lia bwana yake! Kesho arudi kwao. Watoto wanabaki hapa."

Watoto wenyewe walikuwa watatu, mdogo bado ananyonya. Niliogopa kupoteza kazi, lakini hilo niliona ni kubwa zaidi.

"Mama, makosa ni yangu," nikasema. "Nilipiga honi sokoni, wakamaliza sauti yote huko."

"Honi nakula sauti ya watu? Piga, tuone."

Nikapiga. Shangazi wanane wakafungua vinywa kwa pamoja, ikatoka pumzi tu, kama tairi limetoboka. Watu wakaangua kicheko, msibani! Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio. Akamvuta Athieno kifuani.

"Pumzika, mwanangu. Mimi nitalia ya sisi wawili."

Sasa nimestaafu. Kazini sikuwahi kulia hata mara moja, maana dereva mwenye machozi haoni barabara. Mke wangu alipofariki mwaka jana, nilikaa mkavu mbele ya waombolezaji mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Binti yangu akainama sikioni kwangu.

"Baba, leo huendeshi."

Nikalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wote wakiniona.